Krediti 24: mtoto anahitimuje sekondari jimboni Washington, na mzazi anaulizwa wapi

Mzazi aliyesoma Tanzania, Kenya au Kongo anajua ni lini elimu ya sekondari ya mtoto huamuliwa. Ni zile wiki za mtihani wa kidato cha nne, ni KCSE, ni Examen d'État. Mtoto anaweza kuzembea miaka ya mwanzo, akaja kukaza buti mwaka wa mwisho, akafaulu, maana mtihani huo una uzito mkubwa kuliko majaribio ya miaka ya nyuma. Nyumba nzima hupangwa kwa kalenda hiyo: mtoto anapunguziwa kazi, wadogo zake wanaambiwa wasipige kelele, na bibi anamwombea kila jioni.

Marekani siku hiyo haipo. Wazazi wetu wengi wanaisubiri, wanamuuliza mtoto mtihani mkubwa ni lini, na mtoto anajibu kwa ukweli kabisa kwamba hakuna. Kisha, miezi michache kabla ya sherehe, inaingia simu kutoka shuleni. Mtoto hatavaa joho Juni hii. Amepungukiwa krediti mbili, yaani vile vipimo anavyojazia mwanafunzi kila anapofaulu somo, na moja kati ya hizo ni ya hisabati aliyoanguka akiwa darasa la tisa, mwaka wa kwanza wa sekondari. Miaka mitatu imepita tangu jambo hilo litokee na mzazi ndiyo kwanza analisikia.

Hapa kuna mambo mawili ambayo kwa kawaida huelezwa kila moja kivyake. La kwanza ni mahitaji ya kuhitimu: krediti ngapi, za masomo gani. La pili ni namna wilaya ya shule inavyojipima kama inazishirikisha familia na jamii inayoihudumia. La kwanza hupelekwa kwa mshauri wa masomo, la pili huachiwa maofisa wa makao makuu ya wilaya na ripoti zao. Naamini kwamba kwa familia zetu ni jambo moja. Kipimo cha kweli cha ushirikishwaji ni kama mzazi anajua, wakati bado kuna muda wa kurekebisha, kwamba mwanawe yuko njiani kuhitimu au ameachwa nyuma. Ripoti isiyogusa hapo haijapima kitu.

Tuanze na nani anaamua. Katiba ya Marekani haitaji elimu, kwa hiyo kazi hiyo imebaki mikononi mwa majimbo. Kila jimbo linaweka kiwango cha chini cha kupata diploma ya sekondari, na chini yake kuna wilaya za shule, takriban 13,000 nchi nzima, nyingi zikiongozwa na bodi inayochaguliwa kwa kura. Wilaya inaweza kuongeza masharti juu ya yale ya jimbo. Ndiyo maana ushauri wa shemeji anayekaa Ohio au Texas unaweza kumpotosha mzazi wa Seattle hata kama shemeji hasemi uongo. Na masharti hubadilika. Massachusetts ilidai kwa zaidi ya miaka 20 kwamba mwanafunzi afaulu mtihani wa jimbo uitwao MCAS, hadi wapiga kura walipoliondoa sharti hilo Novemba 2024. New York, yenye mitihani maarufu ya Regents, nayo imeamua kuacha kuifanya kuwa kigezo cha lazima cha diploma.

Nitashika jimbo la Washington, kwa sababu Waswahili wapo wengi kusini mwa Seattle, katika miji kama Kent, Tukwila na SeaTac, na wengine Spokane upande wa mashariki. Na kwa sababu mfumo wake unaonyesha vizuri mahali ambapo mtoto hupotea.

Krediti yenyewe ina historia ambayo watu wengi wangeshangaa kuisikia. Mwaka 1906 taasisi iliyoanzishwa kwa fedha za tajiri Andrew Carnegie ilikuwa inataka kuwalipa pensheni maprofesa wa vyuo. Ilihitaji njia ya kujua chuo ni kipi hasa na kipi ni sekondari iliyojipa jina la chuo. Ikasema: chuo kitakachofaidika na pensheni hizi lazima kidai kwamba mwanafunzi anayeingia awe amemaliza vipimo 14 vya sekondari, kila kipimo kikiwa takriban saa 120 za somo moja. Sekondari zote zikajipanga kwa kipimo hicho. Zaidi ya karne moja baadaye, mtoto aliyezaliwa Uvira anahesabiwa elimu yake kwa fimbo iliyochongwa kwa ajili ya pensheni za maprofesa. Mwaka 1983 tume ya serikali ya shirikisho ilitoa ripoti kali kuhusu kushuka kwa elimu, ikapendekeza kila mwanafunzi asome miaka minne ya Kiingereza, mitatu ya hisabati, mitatu ya sayansi na mitatu ya maarifa ya jamii. Majimbo mengi yakapandisha masharti yao kuanzia hapo, na ukiitazama orodha ya Washington leo utaziona namba hizohizo.

Washington inadai krediti 24. Kiingereza 4. Hisabati 3. Sayansi 3, na angalau mbili kati ya hizo ziwe za maabara. Maarifa ya jamii 3, ndani yake kukiwa na somo la uraia. Afya na mazoezi ya mwili 2. Sanaa 2. Ufundi na taaluma 1. Lugha ya kigeni 2. Na masomo ya hiari 4. Baadhi ya hizi, yaani krediti moja ya sanaa na zote mbili za lugha, zinaweza kubadilishwa na masomo mengine yanayolingana na malengo ya mwanafunzi. Nje ya krediti kuna sharti la kusoma historia ya Jimbo la Washington, ambalo wenzao wengi hulimaliza wakiwa darasa la saba au la nane. Mtoto aliyefika akiwa na miaka 15 hakuwepo wakati huo, na kama hakuna mtu anayelikumbuka, linaibuka mwaka wa mwisho.

Sasa piga hesabu. Katika shule zenye vipindi sita kwa siku, kila somo linampa mwanafunzi nusu krediti kwa muhula. Masomo sita, mihula miwili: krediti 6 kwa mwaka. Miaka minne ni 24. Hesabu inaishia palepale, bila nafasi hata moja ya kuanguka. Mwanafunzi akipata F kwenye somo moja kwa muhula mmoja, tayari ana deni la nusu krediti, na deni hilo halilipwi na matokeo mazuri ya mwaka unaofuata. Ataendelea kupata alama za juu na bado atakuwa na pengo. Njia ya kuliziba ni kusoma zaidi ya wenzake: shule ya kiangazi, masomo ya mtandaoni, au kipindi cha ziada. Shule zenye vipindi saba au nane kwa siku humpa mtoto nafasi ya kupumua. Swali la vipindi ni la kwanza kabisa ambalo mzazi anapaswa kuuliza siku ya kuandikisha mtoto, na sijaona fomu ya uandikishaji inayolieleza.

Jimbo linaruhusu wilaya kumsamehe mwanafunzi hadi krediti mbili kutokana na mazingira yake, kwa mujibu wa sera ambayo wilaya yenyewe imeiandika. Msamaha huo haugusi zile krediti 17 za msingi, kama Kiingereza, hisabati na sayansi. Unagusa zile saba zinazobaki. Kuwa mkimbizi aliyefika katikati ya sekondari ni mazingira ya wazi kabisa, lakini msamaha haujileti wenyewe. Kuna mtu lazima auombe.

Niweke mfano wa kubuni, maana krediti hazieleweki hadi uzione kwenye karatasi. Msichana wa miaka 16 anafika Kent mwezi Agosti akitokea kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Alikuwa anasoma huko kwa mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa. Mkobani ana buletini mbili, yaani ripoti za shule, zenye mihuri. Shule inamweka darasa la kumi kwa sababu ya umri wake. Kwenye transkripti yake, yaani orodha rasmi ya masomo na alama zake, mstari wa jumla ya krediti unasomeka 0.00. Ana darasa la kumi kwa jina na mfuko mtupu.

Muhula wa kwanza anapangiwa vipindi viwili vya Kiingereza kwa wanaojifunza lugha, halafu aljebra, biolojia, mazoezi ya mwili na uchoraji. Aljebra anaijua, ila maswali ya maelezo yanamshinda kwa lugha. Anaanguka aljebra na biolojia. Kati ya krediti 3 za muhula anapata 2. Muhula wa pili anafaulu yote na kupata 3. Mwisho wa mwaka ana 5. Imebaki miaka miwili, yaani krediti 12 akifaulu kila kitu. Jumla 17. Diploma ni 24. Kwa hiyo siku anapofunga shule kwa ajili ya likizo ya kiangazi, akiwa na furaha kwamba amefaulu masomo yote sita, karatasi yake inasema kimya kimya kwamba hatahitimu na darasa lake.

Lakini tazama kilichosahaulika. Zile buletini mbili. Shule inaweza kuzitathmini na kumpa krediti kwa masomo ya sekondari aliyokwisha kuyasoma. Tuseme inampa 4: moja ya hisabati, moja ya sayansi, moja ya maarifa ya jamii na moja ya hiari. Anafika 21. Halafu kuna mtihani wa umahiri wa lugha. Washington inaziruhusu wilaya kumpa mwanafunzi hadi krediti 4 za lugha ya kigeni akithibitisha kwa mtihani kwamba anaisoma, anaiandika, anaisikia na kuizungumza lugha nyingine isipokuwa Kiingereza. Kiswahili kinahesabika, Kifaransa kinahesabika. Akipata 3 kwa Kiswahili chake, amefika 24. Bado lazima kila krediti iangukie kwenye somo linalodaiwa, na hasa Kiingereza, kwa kuwa inategemea wilaya kama vile vipindi vya wanaojifunza lugha vinahesabiwa kuwa krediti za Kiingereza au za hiari tu. Hata hivyo umbali kati ya 17 na 24 ulikuwa kwenye mkoba wake na ulimini mwake. Hakuhitaji akili zaidi. Alihitaji mtu mzima mmoja ajue cha kuuliza.

Mtihani huo wa lugha naomba mzazi aushike sana. Watoto wetu wengi wanazungumza Kiswahili fasaha lakini hawakiandiki, kwa sababu nyumbani tunakiongea na hatukisomi. Mtihani unapima na kuandika pia. Nusu saa ya kumwandikia bibi barua kila Jumapili inaweza kugeuka krediti. Pia jimbo lina muhuri wa lugha mbili, ulioanzishwa 2014, unaowekwa kwenye diploma ya mwanafunzi aliyethibitisha umahiri wa Kiingereza na lugha nyingine.

Krediti peke yake hazitoshi. Mwanafunzi anapaswa kuwa na mpango wa maandishi wa masomo yake ya sekondari na anachokusudia baadaye, unaoanza kabla hajaingia darasa la tisa na kurekebishwa kadiri anavyoendelea. Na tangu sheria ya 2019 lazima pia akamilishe njia moja ya kuhitimu. Njia ni nyingi: kufikia alama ya jimbo kwenye mtihani wa Smarter Balanced, ambayo ni 2548 kwa Kiingereza na 2595 kwa hisabati; kusoma masomo ya sekondari yanayompa pia krediti za chuo; kufanya vizuri kwenye mitihani ya AP au IB, ya masomo ya kiwango cha juu, au SAT au ACT, ya kuombea chuo; kumaliza mfululizo wa masomo ya ufundi yenye krediti mbili; kufikia alama inayotakiwa kwenye mtihani wa kuingia jeshini. Mwaka 2023 iliongezwa njia ya kuonyesha ujuzi kwa kazi ya vitendo. Uwepo wa njia nyingi ni jambo jema. Hatari yake ni kwamba mtoto ambaye nyumbani hakuna anayezijua huelekezwa kwenye ile iliyo rahisi kwa ratiba ya shule, na kwa baadhi ya wavulana wetu hiyo imekuwa njia ya mtihani wa jeshi, bila mzazi kuelewa kwamba palikuwa na nyingine.

Kuna sahihi pia. Krediti ya tatu ya hisabati inaweza kuwa aljebra ya pili au somo jingine kulingana na mipango ya mwanafunzi, na uchaguzi huo unatakiwa kuidhinishwa na mzazi au mlezi. Karatasi inaletwa nyumbani, mara nyingi kwa Kiingereza, mtoto anasema "mama, weka sahihi hapa", na mama anaweka. Hapo mama ameamua jambo kubwa, kwa sababu kuhitimu sekondari na kukubalika chuo kikuu si kitu kimoja. Diploma inaruhusu kubadilisha lugha ya kigeni na somo jingine. Vyuo vikuu vya umma vya jimbo vinadai krediti mbili za lugha. Diploma inakubali alama ya D; chuo kinaitazama D kwa jicho lingine. Mtoto anaweza kuvaa joho, kupigiwa vigelegele na ukumbi mzima, halafu mlango aliokuwa anauota ukawa umefungwa tangu darasa la kumi na moja.

Na kuna saa inayotembea. Serikali ya shirikisho inapima kila sekondari kwa kiwango cha wanaohitimu ndani ya miaka minne tangu waingie darasa la tisa. Shule ambayo theluthi moja au zaidi ya wanafunzi wake hawahitimu huwekwa kwenye orodha ya zinazohitaji msaada mkubwa. Nia ni nzuri, maana zamani shule ziliweza kuwaficha walioacha. Ila kwa mtoto aliyewekwa darasa la kumi au la kumi na moja kwa sababu ya umri, saa hiyo imeanza kuhesabu kabla hajashuka kwenye ndege. Mzazi ajue kwamba miaka minne ni kipimo cha shule. Haki ya mtoto ni pana zaidi. Jimboni Washington anaweza kuendelea na shule ya umma bila malipo hadi afikishe miaka 21, na kuna mpango wa Open Doors kwa vijana wa miaka 16 hadi 21 waliokwisha kuachwa nyuma. Mtoto wa miaka 18 anayeambiwa kwamba ni mkubwa mno kwa shule anaambiwa kisicho kweli.

Sasa tuje kwenye tathmini ya ushirikishwaji, ambayo wengi wetu tunaipita tukidhani haituhusu. Sheria kuu ya elimu ya Marekani, iliyopitishwa 2015, inazigawia wilaya fedha ziitwazo Title I kwa ajili ya shule zenye watoto wengi wa kipato cha chini. Kila wilaya inayozipokea inatakiwa kuwa na sera ya maandishi ya kushirikisha wazazi na familia, iliyoandaliwa pamoja na wazazi wenyewe. Kila mwaka inatakiwa kufanya tathmini ya sera hiyo, wazazi wakishiriki kwa dhati. Tathmini lazima itafute vikwazo vinavyowazuia wazazi kushiriki, na sheria inataja kwa majina wa kuangaliwa zaidi: wenye kipato kidogo, wenye ulemavu, wasiojua Kiingereza vizuri, wasiojua kusoma vizuri, na watu wa rangi au makabila ya wachache. Halafu matokeo yatumike kubadilisha utaratibu. Wilaya inayopata zaidi ya dola 500,000 za Title I inatakiwa kutenga angalau asilimia 1 kwa kazi hii, na asilimia 90 ya kilichotengwa ipelekwe shuleni. Wazazi wana haki ya kushirikishwa katika kuamua zitumikeje. Zinaweza hata kulipia usafiri wa mzazi na mtu wa kumlelea watoto wakati wa mkutano.

Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Kinachofanyika mara nyingi ni hiki: dodoso linatumwa kwa barua pepe, kiungo chake kinafunguka kwa Kiingereza, au kwa Kiswahili kilichotafsiriwa na mashine hadi mzazi hajui anaulizwa nini. Wanajibu wale ambao siku zote hujibu. Usiku wa familia unafanyika saa kumi na mbili jioni, wakati baba anaingia zamu ya usiku kwenye ghala na mama bado hajatoka kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi. Waliohudhuria wanahesabiwa kwenye karatasi ya mahudhurio, sahani za piza zinahesabiwa, na ripoti inasema ushirikishwaji umeongezeka. Waliokuja wamehesabiwa sawasawa. Kwa nini wengine hawakuja, na waliokuja waliondoka wakiwa wanajua nini, hilo halimo.

Tathmini yenye maana ingeuliza maswali machache magumu. Kati ya wazazi wa darasa la tisa wanaozungumza Kiswahili, ni wangapi wameonyeshwa transkripti ya mtoto wao na kuelezwa kwa lugha yao? Mtoto anapoanguka somo la kwanza, zinapita wiki ngapi kabla mzazi hajaambiwa, na anaambiwa na nani? Wanafunzi wangapi waliotoka nje ya nchi wamefanyiwa tathmini ya vyeti vyao? Wangapi wameambiwa juu ya mtihani wa lugha? Majibu haya yote yako kwenye kompyuta za wilaya au yanaweza kupatikana kwa simu chache za mkalimani. Hayahitaji mshauri wa kulipwa kutoka nje. Na tofauti na idadi ya sahani, yanaweza kuitia aibu wilaya au kuipa sifa ya haki.

Ukalimani si hisani. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza ubaguzi wa asili ya taifa katika shule zinazopokea fedha za serikali kuu, na mwaka 1974 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya wanafunzi wa Kichina wa San Francisco, iliamua kwamba kumfundisha mtoto kwa lugha asiyoielewa bila msaada wowote ni kumnyima elimu. Mwongozo wa shirikisho wa 2015 ulieleza kwa undani wajibu wa shule kuwasiliana na wazazi kwa lugha wanayoielewa. Mwongozo huo uliondolewa mwaka 2025, na habari hiyo imewatia hofu wengi. Sheria ya 1964 na hukumu ya 1974 bado zipo, na Washington ina sheria yake ya 2022 inayozitaka wilaya kuwa na sera na mpango wa upatikanaji wa lugha kwa familia. Mzazi aombe mkalimani mapema, kwa maandishi, akitaja Kiswahili anachokielewa, maana wa Bukavu na wa Mombasa hawazungumzi sawa. Na mtoto asiwe mkalimani wa kesi yake mwenyewe. Anayetafsiri habari za F yake ana kila sababu ya kulainisha, na hata akiwa mwaminifu, kumbebesha mtoto kazi hiyo ni kumwonea.

Kuna kikwazo kingine kisichoonekana: namna tunavyohesabiwa. Kwa muda mrefu mtoto wa Kikongo, wa Kisomali na Mmarekani Mweusi waliingia kwenye safu moja ya takwimu, na kilichowapata mmojammoja kikayeyuka ndani ya wastani. Sheria ya jimbo ya 2016 ilitaka takwimu zichambuliwe zaidi, ili wanafunzi wenye asili ya nchi za Afrika watofautishwe na Wamarekani Weusi wenye mizizi ya vizazi vingi hapa. Uchambuzi huo unategemea kile kiboksi ambacho mzazi anakitia alama kwenye fomu ya kuandikisha mtoto. Kadhalika swali la lugha ya nyumbani. Wazazi kadhaa huandika Kiingereza wakihofia mtoto ataingizwa madarasa ya chini. Naielewa hofu hiyo, lakini gharama yake ni kubwa: wilaya inayoona Waswahili kumi haitaajiri mkalimani wa Waswahili mia mbili.

Mahali pa kusemea ni pawili. Pa kwanza ni mkutano wa bodi ya shule, ulio wazi kwa kila mtu, ambapo mwananchi hupewa dakika chache, mara nyingi mbili au tatu, na bodi kwa kawaida haijibu papo hapo. Watu wetu wengi wametoka hapo wamevunjika moyo wakidhani wamepuuzwa. Nenda na jambo moja tu, liwe na namba, liwe na ombi, na liache kwa maandishi. Wakija wazazi sita mfululizo na swali lilelile la transkripti za darasa la tisa, litapanda kwenye ajenda. Hivi sasa Bodi ya Elimu ya Jimbo inapitia upya mahitaji yote ya kuhitimu katika mpango uitwao FutureReady, kwa hiyo hata hizo krediti 24 ziko mezani.

Pa pili wengi hawapajui. Mpango wa wilaya wa kutumia fedha za Title I hupelekwa jimboni. Sheria inasema kwamba ikiwa wazazi hawajaridhika na mpango huo, wilaya lazima iambatanishe maoni yao inapoupeleka. Kwa hiyo barua iliyoandikwa na wazazi wachache, hata kwa Kiswahili, ikisema kwamba hawakushirikishwa na kutaja ni wapi, haiwezi kuishia kwenye droo ya wilaya kihalali. Inapaswa kufika Olympia, makao makuu ya jimbo, pamoja na ombi la fedha. Muulize mkuu wa shule tathmini ya mwaka huu inafanyika mwezi gani, nani anaiandika, na nakala ya mwaka jana iko wapi.